Jinsi tulivyouzuia mlango wa babu usiuzwe

Dalali alikuja Bagamoyo mara tatu, ya mwisho na futi kamba mkononi. Anautaka mlango tu, ausafirishe nje. Baba mdogo alishakubali, na simlaumu sana: bati linavuja na ada za watoto zinadaiwa.

Mimi kosa langu lilikuwa kuhangaikia nyumba nzima. Niliandika barua kwa mtendaji, ikalala. Kumbe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, na yetu ni ya baadaye. Nyumba ya baadaye hailindwi mpaka waziri aitangaze. Lakini milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940 zina ulinzi wake, na kuitoa nchini bila kibali ni kosa.

Sasa ushahidi. Hati haikutaja mlango. Shangazi ndiye aliyefungua sanduku akatoa picha ya harusi ya bibi: amesimama kizingitini, na nyuma yake ua lile lile la nakshi lililopasuka petali moja. Nyuma ya picha, kwa wino wa bluu: 1938.

Nikatoa nakala, nikapiga picha nakshi na kila komeo, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, nikapeleka ofisi ya Mambo ya Kale. Nakala nyingine nikampa dalali mkononi. Aliisoma mara mbili, akakunja futi kamba yake.

Bati bado linavuja. Tumeanza kuchangishana.