Kiganja cha unga kabla ya bukari

Nilipokabidhiwa daftari la hazina la mama wa Kipendano, chama cha wanawake Wamethodisti, katika parokia yetu, hapa Katuba, Lubumbashi, lilikuwa na majina thelathini na mawili. Waliolipa mchango wa misheni mwezi ule walikuwa tisa.

Mchango ulikuwa dola moja kwa mwezi, na Jumapili ya mwisho majina yalisomwa mbele ya wote. Matokeo yake unayajua. Asiye na dola haji Jumapili hiyo, na akizoea kutokuja hiyo, na nyingine zinamshinda. Huku nyuma tulikuwa na ahadi. Mwinjilisti wetu yuko barabara ya Kasenga, upande wa Mto Luapula, vijiji vinne kwa baiskeli moja. Tulimwahidi sabuni, chumvi, dawa za watoto na matairi. Miezi miwili hatukumtumia hata kipande cha sabuni.

Wazo la unga si langu. Kwenye semina moja, mama mgeni alitusimulia habari za mama Wakristo wa Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India. Tangu 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, kila wanapopika wanachota kiganja cha mchele na kukiweka pembeni kwa kazi ya Mungu. Mchele unakusanywa, unauzwa, na fedha inawapeleka wainjilisti. Nilimsikiliza huku napiga hesabu. Wali kwetu ni wa sikukuu, lakini bukari, yaani ugali, ni la kila siku. Kabla maji hayajachemka, chota kiganja, weka kwenye mfuko.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilinunua ndoo moja kubwa yenye kifuniko, nikaiweka nyuma ya kanisa, nikawaambia kila mtu amwage humo. Huyu akaja na unga wa mahindi, yule wa muhogo, mwingine na unga uliolowa mvua ya Desemba na hakusema. Baada ya wiki tatu niliipeleka soko la Kenya (Kenya ni komini yetu ya hapa, si ile nchi). Muuzaji alichovya kidole, akaonja, akafunika ndoo yangu taratibu.

“Mama, hii peleka kwa wenye nguruwe.”

Bukari la mchanganyiko tunalila wote nyumbani, hilo halina shida. Ila mnunuzi anataka kujua analipia nini, na unga uliochacha hauna mjadala. Nilirudi na ndoo kichwani, nikipitia njia za nyuma nisionane na mtu.

Tukaanza upya. Ndoo mbili, mahindi na muhogo. Unga uje mkavu, umechekechwa, na uje kila Jumamosi, usingoje mwezi uishe. Jumamosi hiyohiyo tunaupima kwa meka, lile kopo la sokoni, na kuuza papo hapo kwa mama wenyewe na majirani, chini kidogo ya bei ya soko. Haulali, kwa hiyo fukusi hawaupati. Na daftari nikalibadilisha: safu ya majina nikaifuta, nikaandika idadi ya meka tu. Mama anakuja na kifundo chake kwenye ncha ya kikwembe, anafungua, anamwaga, anakaa. Kama ni nusu ya kikombe au ni kilo nzima, anajua yeye na ndoo. Hilo ndilo lililowarudisha waliopotea, kuliko mahubiri yoyote. Mwezi wa tatu nilihesabu vifundo ishirini na sita.

Mtihani huja Januari na Februari. Akiba ya mavuno imekwisha, mahindi mapya hayajakauka, na Zambia ikizuia unga usivuke mpaka wa Kasumbalesa, bei inapaa. Nikashauri tusimamishe hadi Aprili. Mama mmoja mzee, mjane, aliniangalia kwa muda.

“Mwanangu, umefunga ndoo au umenifungia mlango?”

Hatukusimamisha. Yeye akawa analeta kijiko kimoja, na nilikipokea.

Maneno makali yalitoka tulipotaka kutenga sehemu kwa ajili ya ng'ambo, kwenye sadaka ya Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi. “Wazungu ndio walituletea misheni, sasa sisi tuwapelekee nini?” Sikumlaumu aliyesema, maana na mimi niliwahi kuwaza hivyo. Nikawasimulia mama Wamethodisti wa Boston, Machi 1869. Mvua ilinyesha, wakafika wachache sana, lakini wakaanzisha chama cha kutuma wanawake kwenye misheni, kwa mchango wa senti mbili kwa wiki pamoja na sala. Mwaka huohuo wakawatuma India mwalimu Isabella Thoburn na daktari Clara Swain.

“Senti mbili?” akauliza yule aliyepinga. “Kumbe na wao walichota kwenye chungu.”

Tukakubaliana: katika kila meka kumi, moja iende ng'ambo, tisa zibaki kwa barabara ya Kasenga. Matairi yalipelekwa kabla ya Pasaka.

Mwaka 2025 ibada ya Siku ya Maombi ya Dunia iliandaliwa na mama wa Visiwa vya Cook, huko Bahari ya Pasifiki. Tulijifunza salamu yao, Kia orana, yaani uishi maisha marefu, na Katuba nzima ikawa inasalimiana hivyo wiki mbili. Mjukuu wa yule mjane alituletea atlasi ya shule. Tulitafuta mpaka tukaona vinukta, kama fukusi kwenye unga mweupe. Bibi yake aliweka kidole, kikavifunika visiwa vyote na bahari kubwa pembeni, akauliza watu wa mahali padogo namna hii wanapata wapi pa kupanda mahindi.