RTA peke yake haitoshi

"RTA, # tibia R." Ndiyo yote niliyoyakuta kwenye faili la yule mama Jumanne asubuhi. Ajali ya barabarani, muundi wa kulia umevunjika.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika hospitali moja upande wa Tororo, Uganda. Maandishi ya daktari nayageuza kuwa misimbo ya ICD-10, kitabu cha kimataifa cha kuainisha magonjwa na majeraha, na kila aliyeumia ana misimbo miwili: wa jeraha na wa chanzo chake. Jeraha halikunisumbua, ni S82.2. Chanzo je? Kwa "RTA" tupu ningebaki na V89.2, ajali ya chombo cha moto kisichotajwa. Humo mtembea kwa miguu, mwanaboda na abiria wa teksi wote wanamwagwa kapu moja. Simlaumu daktari. Barabara ya Malaba ikileta majeruhi wanne kwa mpigo, kalamu husubiri.

Nikabeba faili hadi wodini.

"Pole mama. Ulikuwa umepanda nini?"

"Boda."

"Mkagongana na nini?"

"Pikapu. Lakini mwanangu, hata hatukuwa tunaenda. Tulikuwa tumeshafika steji. Nashuka, mguu mmoja chini, mwingine bado, gauni langu la gomesi limenasa kwenye kile chuma cha kukanyagia. Ikatupiga kwa nyuma."

V23 ni wa pikipiki iliyogongana na gari dogo, pikapu au vani. Tarakimu inayofuata nukta ndiyo yenye uhondo: 4 ni dereva, 5 ni abiria, na 3 ni mtu aliyekuwa akipanda au kushuka. Nikaandika V23.3. Nilifurahi, kusema kweli, kwamba waliotunga kitabu kile waliuwaza mguu mmoja chini na mwingine bado.

Maana tarakimu hiyo inasema kitu. Zikirundikana 3, tazama steji zilivyobanana na lami. Zikirundikana 5 pamoja na S06, yaani majeraha ya ndani ya kichwa, uliza kofia za abiria ziko wapi. V89.2 hata zikijaza daftari zima, hutajua uanzie wapi. Ndugu zangu mnaopokea majeruhi, niongezeeni maneno matatu tu: alipanda nini, aligongwa na nini, alikuwa dereva au abiria.

Nilipoinuka mama akanishika mkono.

"Kwa hiyo umemwandika aliyenigonga?"

"Hapana mama. Hapa naandika gari la aina gani tu."

Akauachia mkono wangu taratibu, akageukia dirishani.