Futi ya fundi cherehani ndiyo iliyonionyesha ukweli wa tumbo langu

Nashona nguo Mwanjelwa, Mbeya, na kushona ni kazi ya kukaa. Nilipofika miaka 47 kiuno changu kilisoma sentimita 104 na mzani ukasoma kilo 84, kwa urefu wa sentimita 162. Leo ni 91 na kilo 73. Imechukua miezi kumi na moja. Ushauri mwingi niliopewa ulinilia muda na hela bure, ndiyo maana naandika.

Nianze na kupima, kwa sababu wengi hukosea hapa. Kiuno cha sketi siyo kiuno kinachoangaliwa hospitali. Papasa ubavuni utafute mbavu ya mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hivyo viwili, juu ya ngozi, na isipande mgongoni. Toa pumzi kama kawaida ndipo usome. Pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai. Na futi yenyewe uikague: ikivutwa kila siku hurefuka, halafu inakusomea namba ndogo kuliko ukweli. Ilaze kwenye rula ya chuma uone kama sentimita 30 zinalingana. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kwa mwanamke hatari ya kuugua huongezeka kuanzia 80 na huwa kubwa kuanzia 88. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Ukitaka njia ya haraka, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Nilianza kwa kujinyima, kama nilivyoelekezwa: maji ya ndimu na tangawizi asubuhi, matunda mchana, usiku kulala bila kula. Wiki tatu tu nikawa nimepungua kilo 4, kila mtu akanisifu. Lakini futi haikunisifu. Mkono wa juu ulitoka 33 ukawa 31, na tumbo lilitoka 104 likawa 103. Yaani sehemu kubwa ya kilichoondoka huenda ilikuwa maji na nyama ya misuli, na mafuta ya tumbo yalipungua kidogo tu. Mwili usiopata protini ya kutosha huila misuli yake, na misuli ikipungua, chakula kilekile cha jana kinakuwa kingi kwako leo. Njaa ya saa kumi na mbili jioni nayo ilikuwa inanipeleka moja kwa moja kwenye zege, yaani chipsi mayai. Mwezi wa pili kilo zote 4 zilirudi, na ya tano juu. Ndimu haiyeyushi mafuta. Mkanda wa tumbo, ambao niliununua kwa hela nzuri tu, unaminya na kutoa jasho. Ukiuvua tumbo ni lile lile. Mazoezi ya kulala chali na kuinuka yanakaza misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hayachagui mafuta ya kuondoa.

Kilichofanya kazi kilianzia kwenye mafuta ya kupikia. Lita moja ina karibu kalori 8,200. Tuko wanne nyumbani, na lita ilikuwa inaisha kwa siku sita: piga hesabu, kila mtu alikuwa anakunywa kalori zaidi ya 300 kwa siku bila kushiba chochote. Nikaacha kumimina kwa chupa. Sufuria ya mboga ya watu wanne inapata vijiko viwili vya chakula, basi. Ili kitunguu kisiungue, kikishaanza kugeuka rangi naongeza vijiko vitatu vya maji, nafunika, yakikauka naongeza tena. Nyanya zikiingia zinamaliza kazi yenyewe. Majani ya maboga na mnafu naweka karanga za kusaga kidogo badala ya mafuta, siweki vyote viwili. Lita sasa inafika siku kumi na sita.

Kisha sukari. Baridi ya Mbeya inatunywesha chai mno. Mimi nilikuwa na vikombe vinne, vijiko vitatu vya chai kila kimoja, sawa na gramu 48 hivi kwa siku. Usiache ghafla, utarudi. Punguza nusu kijiko, kaa wiki mbili, punguza tena. Iliki na mdalasini vinasaidia ulimi uzoee.

Sahani yangu: nusu mboga za majani, robo maharage au usipa (dagaa), robo ugali wa dona au wali, kiasi cha ngumi. Mboga naanza nazo. Parachichi la Tukuyu ni zuri, ila lina mafuta mengi. Nusu kwa siku yatosha, na siku hiyo kijiko kimoja cha mafuta kinatoka sufuriani.

Kuna wanaosema ukikaribia kukoma hedhi tumbo ni lako, likubali tu. Ni kweli estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mafuta huhamia tumboni, lakini misuli inajengwa kwa umri wowote. Natembea kutoka Ilomba hadi kazini, dakika 35, mwendo wa kuweza kuongea lakini siyo kuimba. Mara tatu kwa wiki nasimama na kukaa kwenye stuli bila kushika popote, mara kumi, napumzika, narudia mizunguko mitatu. Nasukuma ukuta hivyohivyo, na nanyanyua dumu la lita tano kwa kila mkono. Wiki ya tano hadi ya nane ya mpango huu mpya mzani uligoma kabisa. Futi ilikuwa inashuka, kwa hiyo sikubadilisha kitu.

Tumbo likikua haraka, likiwa gumu au linauma, usianze na lishe, nenda hospitali: kwetu wanawake linaweza kuwa uvimbe wa kizazi au maji. Na anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari isije ikashuka mno.

Mvua za Machi zikizuia kutembea, napanda na kushuka ngazi moja ya mlango wa kibanda, dakika kumi, mara tatu kwa siku, nikibadilisha mguu wa kuanzia ili goti moja lisibebe mzigo wote.