Kutoka Mwaloni hadi Jinja

Mwezi ukishakuwa mpevu, sisi wauza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, hatuna kazi ya maana. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiangaza Ziwa Victoria zima, taa haivuti kitu, na wavuvi wa visiwa vya Kome, Ukara na Goziba hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo wenzangu wa kikoba waliponiuliza kama nitakwenda nao ile safari ya siku nne ya Uganda, nilitazama kalenda kwanza. Nikaona imeangukia mwezi mkubwa, nikalipa siku hiyohiyo.

Nina miaka 22 nikila kutokana na ziwa hili, na nimeshaona maji yakiliingia. Nimesimama Magu masika nikaona Mto Simiyu unavyomwaga tope. Lakini yanapotoka nje ya ziwa sikuwahi kupaona. Mito inayoingia ni mingi. Unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja, Uganda. Nilitaka kusimama pale kwa macho yangu.

Tuliondoka Nyegezi saa kumi na moja alfajiri, watu 26 ndani ya Kosta. Jua halijatoka tukawa juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita tatu za maji, dakika chache tu, na wengine hata usingizi haujawaisha. Mimi nilikaa macho makusudi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 nimelipita mara kadhaa, lakini sijalizoea bado, kwa sababu niliwahi kulala Kigongo na magunia 40 nikingoja kivuko, mvua inanyesha, naomba Mungu turubai lisivuje. Nikitazama chini naiona ile gati, moyo unajaa.

Geita, Katoro, Biharamulo, Muleba: kutwa nzima barabarani, na sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba ukishaingia Uhayani nyumba zinajificha ndani ya migomba, na ghafla bonde linafunguka unaliona ziwa tena, safari hii liko upande wako wa kulia. Tukalala Bukoba.

Asubuhi ya pili tulivuka Mto Kagera pale Kyaka. Dereva akapunguza mwendo. Hapa ndipo majeshi ya Idi Amin yalipolilipua daraja mwaka 1978, katika Vita vya Kagera, na mzee mmoja wa Misungwi aliyekaa kiti cha mbele yangu akavua kofia. Hakusema kitu. Maji ya Kagera ni ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yanakwenda kasi. Huu ndio mto mkubwa kuliko yote inayoliingia ziwa, nami nikauangalia nikijiambia: haya tutakutana nayo Jinja.

Mutukula tuligonga pasi pande zote mbili ndani ya jengo moja, na mwongoza watalii wetu wa Uganda akapanda. Kijana mwembamba, Kiswahili chake cha kujifunza lakini kimenyooka. Alishika kipaza sauti, akatusalimia, akauliza: "Nani kati yenu amewahi kufika Uganda?"

Yule mzee akanyoosha mkono. "Mimi. Mwaka 1979. Kwa miguu."

Gari lote likanyamaza. Kijana akazima kipaza sauti, akaja hadi kwenye kiti cha mzee, akampa mikono miwili. Wakazungumza kwa sauti ya chini njia nzima, vilima vya kijani vikipita, ng'ombe wenye pembe ndefu wakipita, na hakuna aliyemdai maelezo. Nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo nilisikia. Kijana anatoka Masaka. Bibi yake alikuwapo vita vilipopita. Tulipoingia mjini mzee alitazama maduka, shule, watoto wenye sare, akasema, "Mji huu tuliuvunja." Kijana akamjibu, "Umejengwa, mzee. Karibu tena." Nimesafiri na wengi, lakini sijawahi kumwona mwongozaji anayejua namna hii wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Baada ya Masaka barabara inashuka kwenye kinamasi cha Lwera, mafunjo pande zote mpaka macho yanapoishia. Kandokando wachuuzi wanainua samaki juu ili uwaone ukiwa bado mbali, na mmoja alikuwa na kamongo mrefu kuliko mkono wangu. Nikapiga kelele, "Kamongo!" Kijana akacheka. Kwao anaitwa mmamba, na ni jina la ukoo mkubwa wa Waganda. Mtu wa ukoo huo hamli, na zamani wanawake wa Kiganda hawakumla kabisa. Nikafikiria mchuzi wa kamongo wa Kirumba, nikaona jinsi samaki yuleyule wa maji yaleyale anavyokuwa kitoweo huku na kaka huko.

Kayabwe ndipo Ikweta inapokata barabara. Kuna pete mbili kubwa nyeupe, moja kila upande wa lami, na foleni ya watu wanaotaka picha. Pia kuna vijana wenye mabeseni wanaokuonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Inapendeza, lakini watoto wasidanganywe: katika beseni dogo namna ile maji hufuata jinsi yalivyomiminwa na umbo la chombo, si Ikweta. Nashinda kila siku na maji ndani ya beseni. Najua yanavyotii mkono.

Sasa niseme lililoniuma. Kampuni iliyotuandalia safari ilituahidi nusu siku Jinja. Siku ya tatu, tukitokea Kampala, tulisimamishwa saa mbili nzima kwenye duka la vinyago ambalo halikuwa kwenye ratiba, na kila aliyetaka kurudi garini aliambiwa dereva anapumzika. Nusu siku ya Jinja ikawa saa mbili na dakika chache, chakula cha mchana humohumo. Kijana wetu alikasirika kuliko sisi, nilimwona. Msitu wa Mabira tuliupita mbiombio, miti mirefu imefunga barabara kama paa, na hakuna aliyeshuka.

Jinja tulipanda boti ya mbao yenye injini. Mtu wa Mwanza havai jaketi la kuokolea bila kukumbuka Mei 21, 1996 na MV Bukoba. Nilizunguka nikikaza mikanda ya kila mtu, na mzee wa Misungwi akanikazia wa kwangu. Tukakata maji kuelekea katikati, ziwa liko kushoto, pana, limetulia kama ninavyolijua. Minandi imekaa juu ya mawe ikianika mabawa. Kisha mwendesha boti akazima injini.

Kwetu ukizima injini, chombo kinayumbayumba palepale mpaka upepo ukipeleke. Hapa upepo haukuwapo. Jani halitikisiki. Lakini boti ilianza kwenda yenyewe. Nilichagua mti mmoja ng'ambo nikaukazia macho: ulikuwa mbele yangu, ukawa begani, ukawa nyuma. Nikatumbukiza mkono. Maji yalikuwa yanausukuma mkono wangu taratibu, kama mtoto anayekuvuta nguo akitaka twende. Miaka 22 nimetia mikono ndani ya ziwa hili, halijawahi kunivuta.

Kijana akasema hapo chini yetu palikuwa na maporomoko, Ripon, yakafunikwa maji lilipokamilika bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954. Akamtaja Speke, Mwingereza aliyefika hapa Julai 28, 1862. Nikamwambia huyo tunamjua: alilitazama ziwa kwa mara ya kwanza kwetu Mwanza, Agosti 3, 1858, na ghuba yetu inabeba jina lake mpaka leo. Mwanza hadi Jinja ilimchukua karibu miaka minne. Na muda wote huo Wasukuma walikuwa wakiliita Nyanza, Waganda wakiliita Nalubaale, wakivua na kula. Mzee hakuwa akisikiliza. Ameweka kiganja majini, anaangalia kaskazini. "Ya Kagera nayo yamo humu," akasema.

Dakika 40, tukarudishwa gatini.

Wengine walipokwenda kula, mimi nilichukua bodaboda hadi soko kuu. Nilifuata harufu tu, sikuuliza mtu. Mama mmoja alikuwa na vilima vya dagaa juu ya turubai, anapima kwa kikombe. Sisi kwetu ni kopo la sado. "Mukene, nyabo," akaniambia. "Dagaa," nikamjibu. Nikachukua mmoja nikamvunja katikati: mkavu, mgongo una mng'ao wa fedha, tumbo halijapasuka. Nikamtafuna. Hakuna mchanga. Nikainua viganja viwili juu kumwonyesha kichanja, nikamwuliza kwa macho. Akatikisa kichwa kukubali, akanionyesha na yeye kwa mikono nyavu zinavyotandazwa juu ya miti. Nikanyoosha kidole chini, kwenye sakafu, nikafanya kama nazoa: hivi ndivyo wengi wetu bado wanavyoanika, mchangani, na bei inaanguka. Akakunja uso kama aliyeumwa jino, akanishika mkono.

Nilipotaka kulipa kikombe kimoja, akanijazia cha pili, akakataa hela yake. "Webale, nyabo," nikasema, yaani asante mama, neno pekee nililokuwa nimelijifunza vizuri. Honi ya Kosta ilikuwa inanilalamikia nilipofika. Nikafungua mfuko, ukazunguka kiti kwa kiti, na dagaa wale walikwisha kabla hatujaingia Mabira.