Sato wa mshipi Kizimbani, na mto niliokataa kuwatia

Kila niliyemwambia nataka bwawa la watu kuvua kwa mshipi, huku shambani kwangu Kizimbani, Unguja, alinijibu yale yale: "Wahangaika na turubai la kutandika bwawani kwa nini? Chukua sato, watie Mto Mwera, watazaana wenyewe." Hata ami yangu, ninayemheshimu sana, alinishikia bango. Nilikataa, na ushauri ule ukitajwa bado napanda hasira. Ziwa Victoria walitiwa sangara miaka ya 1950. Samaki wakubwa wa kupigia picha wakapatikana kweli, lakini aina chungu nzima za furu, visamaki vya asili vya ziwa hilo, zikatoweka. Sato naye ana lake: huzaana na perege wengine, mwisho perege wa asili humpati tena.

Basi nikachimba juu, mbali na bonde la mpunga, masika yasinifikie. Kibali kikatoka, vifaranga wakavuka na boti kutoka Dar kwenye mifuko ya oksijeni. Wasipewe chakula siku ya kuamkia safari, la sivyo watachafua maji.

Kazi hasa ni kuchagua madume. Ukiacha majike, bwawa hujaa vidagaa visivyofaa kwa ndoana, na kimoja kikiponyoka ni mbegu. Si jambo geni: perege waliotoka Unguja ndio waliochanganywa na wa Msumbiji huko Malacca, Malaysia ya leo, karibu 1960, wakatoa watoto madume watupu. Mimi natumia macho. Wakifika gramu 30 hivi, mlaze samaki tumbo juu kwenye kitambaa kibichi, mpake tone la jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kwenye kinundu kilicho nyuma ya njia ya haja, kisha futa. Rangi hubaki kwenye mikunjo. Dume, ukiacha njia ya haja, ana kitundu kimoja tu, kwenye ncha ya kile kinundu. Jike ana cha ziada: kimstari chembamba kilichokatiza kinundu katikati. Jua liwe mgongoni kwako. Binti yangu ana jicho kali kunishinda. Akisita tu, samaki huyo haingii bwawani. Majike tuliyala.

Turubai ndilo lililonikamua, malaki. Mshipi na ndoana ndogo si kitu. Chambo kanda unga wa ngano na dagaa waliotwangwa, na usiwalishe tangu asubuhi. Jioni wanavuta mpaka mshipi unalia.

Wengi huniomba wawili watatu walio hai wakawatie mtoni. Kwangu samaki hatoki hai. Ami nilimkatalia pia, nikampa wa kukaanga.