Mstari wa Ziada

Mwaka 2003 nilikuwa nauza maneno kwa mistari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mistari mitano ya kwanza ilikuwa na bei yake, na kila mstari wa ziada faranga mia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, pesa ya chuo hakuna, na binamu ya mama yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye redio moja ya mjini. Jina la redio naliacha. Kosa ninalolisimulia ni langu.

Kazi ilikuwa kukaa nyuma ya meza karibu na mlango na kuandika kominike, yaani matangazo ya watu ya kusomwa redioni. Mtu anaingia, ananieleza, naandika, namsomea, anakwenda kulipa kwa mhasibu, karatasi inapelekwa studio. Kulikuwa na kominike za mbuzi waliopotea, za kadi za shule, za mikutano ya wazazi. Lakini kati ya kumi, nane zilikuwa za vifo, na karibu zote zilitoka vijijini: Walungu, Kabare, Kaziba, Katana, Burhinyi, kisiwani Idjwi. Watu wa Nyawera na Ibanda, hapa mjini, walikuwa wameshaanza kununua simu za mkononi, wakawa wanapashana misiba kwa simu. Kijijini mtandao haukuwapo. Palikuwa na foni, redio ya kuitana, katika baadhi ya parokia, na palikuwa na sisi. Saa kumi na mbili na nusu jioni mtu anatoa betri alizokuwa amezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo, anazirudisha ndani ya redio, anasikiliza kominike na habari, kisha anazima. Muziki ni anasa ya wenye betri mpya.

Namna ya kuandika nilikuwa nimeijua kabla ya kuajiriwa. Baba, mwalimu wa msingi, alikuwa na sanduku la bati lililojaa magazeti ya zamani ya Kinshasa, Elima na Salongo, ya miaka ya sabini na themanini. Nilipokuwa mdogo nilipenda ukurasa wa vifo kuliko wa mpira. Picha ndogo ya marehemu, kola ya abakosti, suti ya enzi za Mobutu, imebana shingo, halafu orodha ndefu ya familia. Wote wakiitwa “citoyen”, yaani raia, na hakuna hata mmoja mwenye jina la ubatizo, kwa sababu mwaka 1972 Mobutu aliyapiga marufuku. Baba alikuwa akicheka: “Huyu kijijini kwake wanamjua kwa jina la Joseph. Gazeti limemzika mtu ambaye hakuna anayemjua.” Magazeti hayo, hata hivyo, hayakuwa ya watu wa kijijini. Mtu wa Walungu alitokea kwenye ukurasa ule endapo tu mtoto wake alikuwa mkubwa serikalini. Wengine wote walisubiri redio.

Kwa hiyo somo la baba nililibeba hadi kwenye meza yangu. Kwanza unamuuliza mfiwa marehemu aliitwaje, kisha unamuuliza aliitwaje kweli. La ubatizo, la Kishi, yaani la kabila letu la Washi, la utani. Mwanamke huku kwetu huitwa binti wa fulani, ile M' mbele ya jina la baba yake, na katika milima mitatu unaweza kupata kumi wa jina moja. Ukiandika moja tu, kijiji kizima kitalia kwa ajili ya mtu ambaye yuko shambani anapalilia maharage. Ilishatokea, si kwangu, na yule bibi alikuja mwenyewe mjini kuonyesha kwamba anapumua.

Kisha zinafuata sehemu mbili. Ya juu ni ya marehemu, nayo ni fupi, karibu sawa kwa wote: familia ya fulani ina huzuni kubwa kuwatangazia kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani baada ya ugonjwa mfupi. Siku zote ugonjwa mfupi, hata kama amelala miaka miwili. Ya chini ndiyo kominike yenyewe: wanaombwa kufika haraka fulani aliye Kamituga, fulani aliye Shabunda, fulani aliye Goma, fulani aliye Uvira na mke wake. Yeyote atakayesikia tangazo hili amwambie jirani yake. Hapo mistari ndipo inapoliwa, na hapo watu wanapogombana mbele ya meza yangu. Nani atangulie? Mke wa pili ana haki ya kutajwa? Shemeji ambaye hajamaliza mahari aitwe mkwe au aitwe “bwana fulani”? Niliwahi kuona ndugu wawili wakitoka nje kupigana kwa sababu ya neno “na”.

Yule mama alikuja mwezi wa nane, siku ya Jumanne. Alitoka upande wa Walungu, amepanda juu ya lori la ndizi, kitenge chake kimejaa vumbi jekundu hadi magotini. Pamoja naye alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti na kalamu mfukoni, ndugu mdogo wa marehemu. Marehemu alikuwa mume wa yule mama. Mwanamume ndiye aliyezungumza, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyesoma. Yule mama alikaa kwenye benchi, akaongea pale tu nilipofika kwenye watoto.

“Wa kwanza ni huyu,” akataja jina, yote matatu. “Andika yeye mbele.”

“Anakaa wapi, mama?”

Akanyamaza. Shemeji yake akajibu kwa niaba yake. Kijana huyo aliondoka mwaka 1996, ana miaka kumi na minne, akawafuata kadogo, askari watoto wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, walipopita. Mara ya mwisho kusikika ilikuwa Kinshasa, mwaka 1997. Vita vya 1998 vilipoanza, nchi ikakatwa vipande, barua kutoka Kinshasa haikufika tena kwetu, na wao hawakupata neno lolote. Sasa serikali ya mpito ilikuwa imeanza mwezi wa sita, watu walisema njia zitafunguka, na mama huyu alikuwa amehesabu hivi: redio yetu haifiki Kinshasa, lakini inafika Bukavu, na Bukavu siku hizi kuna wanajeshi waliotoka huko. Mmoja atasikia. Atamwambia mwenzake.

Nikaandika. Yule mama akatoka nje kutafuta maji ya kunywa, na shemeji yake akainama juu ya meza.

“Kijana, hilo jina liondoe. Jina la askari redioni litatuletea watu nyumbani usiku. Andika ‘na watoto wote’. Tena utatupunguzia mstari.”

Sababu mbili, na zote mbili zilikuwa na maana. Mwaka ule hofu ya watu wa usiku haikuwa hadithi. Na aliyekuwa analipa ni yeye. Nikachukua karatasi nyingine. Karatasi zilikuwa chache, tulikuwa tunaandika pande zote mbili, lakini nikachukua nyingine, nikaandika upya: “na watoto wote wa marehemu”. Mama akarudi. Akaniomba nimsomee.

Hapa ndipo ninapopaona hadi leo. Ningeweza kumwambia. Badala yake niliishika karatasi mpya mbele ya macho yangu, na nilipofika kwenye mstari wa watoto nikatamka jina lake lote, matatu, kama vile limeandikwa. Alitikisa kichwa, akasema asante mwanangu, akatoa kwenye kitenge parachichi mbili akaniwekea mezani. Nilizila saa sita na chumvi.

Kominike ilisomwa jioni ile na asubuhi iliyofuata, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha yetu.

Ijumaa alirudi. Mara hii hakuja na shemeji. Alikuja na msichana wa miaka kama kumi na mmoja, blauzi nyeupe na sketi ya buluu ya shule ingawa ilikuwa likizo. Nadhani ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Yule mama hakusalimia. Alisimama mbele ya meza.

“Ulinisomea karatasi moja,” akasema. “Redio ikasoma ingine.”

Nikaanza kueleza mambo ya usalama. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angenikatiza. Kisha akaniuliza kama najua kalinzi ni nini. Najua, nikamwambia, Mushi gani asiyejua? Ni ile ng'ombe au mbuzi anayopewa mwami, mtawala wetu wa jadi, na shamba linabaki kwa mtu na kwa watoto wake. Mume wake alilipa kalinzi ya shamba la migomba na bonde dogo la maharage. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayekaa mahali pa baba. Wa pili wake alikuwa wa kike, wa tatu wa kike, wa nne ndiye huyu msichana. Siku ya mazishi, watu wote wakiwa wamekaa kwenye kilio, shemeji yake alisimama akasema: mmesikia redio, hakuna mtoto wa kiume aliyeitwa. Wazee wakatikisa vichwa. Walikuwa wamesikia kweli. Mlima mzima ulikuwa umesikia.

Mimi nilidhani nimepunguza mstari mmoja wa faranga mia.

Nilikwenda kwa mkuu wa vipindi. Akasema kilichosomwa kimesomwa, redio haisahihishi misiba ya watu, akitaka kingine alipe kingine. Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Baada ya mazishi familia huleta kominike ya shukrani, kuwashukuru waliokuja kwenye matanga, na hakuna sheria inayosema nani aandike shukrani. Nikatoa pesa yangu, mistari minane. Nikaandika kwamba familia ya marehemu, ikiongozwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume, fulani bin fulani, ambaye yuko safarini na anangojwa nyumbani, inawashukuru majirani, Wakristo wa parokia na wazee wa lokalite. Neno “safarini” lilinichukua muda. Nilijaribu “aliye Kinshasa”, nikafuta, kwa kuwa hatukujua. Nilijaribu “aliyepotea”, nikaona litafanya kazi ya shemeji. Mtu aliye safarini hajafa, na shamba lake halina mwingine.

Nikaanza kumsomea. Akanyanyua mkono.

“Hapana. Wewe nyamaza.”

Akachukua karatasi, akampa msichana. Msichana akaiweka mezani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kuanza kusoma kwa sauti ya darasani, silabi moja baada ya nyingine. Fa-mi-li-a. Watu waliokuwa kwenye benchi wakanyamaza. Kucha ya kidole chake ilikuwa na udongo, na ilisogea polepole kiasi kwamba niliuona mwandiko wangu kama mtu mwingine anavyouona: mbovu, a zinafanana na o. Mara mbili alikwama, mara mbili nikafumba mdomo kwa nguvu nisimsaidie. Alipofika kwenye jina la kaka yake hakulisoma kwa silabi. Alilitamka kwa mara moja, maana hilo alikuwa analijua.

“Limeandikwa?” mama akauliza.

“Limeandikwa, mama. Yote matatu.”

Ndipo akaniomba niandike tena chini, herufi kubwa. Nikaandika. Akaibeba karatasi mwenyewe hadi mlango wa studio, akakaa pale chini ukutani mpaka saa kumi na mbili na nusu, ili asiweko mtu wa kuibadilisha njiani. Mtangazaji alisoma vizuri. Nilimwona kupitia kioo akilisisitiza lile jina, bila mtu kumwambia. Labda kwa sababu ya herufi kubwa.

Kama kijana yule alirudi, sikupata kusikia. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano na wa sita, Bukavu yenyewe ilipigwa vita, redio ikafunga kwa muda, na mimi sikurudi kwenye ile meza.

Lakini kabla ya hapo, kama wiki tatu baada ya shukrani kusomwa, shemeji alikuja. Koti lile lile, kalamu ile ile. Alitaka nakala ya kominike ya kwanza, ile ya kifo. Alisema ni ya kumbukumbu ya familia. Kanuni ilikuwa wazi: aliyelipa ana haki ya nakala. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashine ya fotokopi ya jirani haifanyi kazi, kwa hiyo nilitoa karatasi kwenye msumari na kuinakili kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na “watoto wote” yangu. Nikaweka tarehe na muhuri.

Halafu nikaigeuza karatasi, na upande wa pili nikanakili ile ya shukrani, jina kwa herufi kubwa, tarehe, muhuri.

“Hii sikuomba,” akasema.

“Karatasi ni chache, muzee. Tunaandika pande zote mbili.”

Akaisoma mbele. Akaisoma nyuma. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti, na akatoka bila kuaga.