Desemba ndani ya kuta za Drum

Saa 12 asubuhi. Nje giza totoro. Huku Aberdeenshire, Uskoti, mwezi huu jua halichomozi mpaka karibu saa 3, basi natoka na tochi. Mimi ni fundi mawe wa majengo ya kale. Msimu wa baridi hatuupaki ukuta wa nje chokaa. Ikiganda kabla haijashika, inamumunyuka yote. Tunapima na kuchora tu.

Saa 2. Nafika Drum Castle, ngome ya kale. Mnara ni wa karne ya 13, na mwaka 1323 Mfalme Robert the Bruce aliupa ukoo wa Irvine. Kuta zake zina unene wa zaidi ya mita 3, na mna vyumba ndani yake.

Saa 4. Napima ndani, napima nje. Hesabu zikikataa kukutana, nagonga kwa mpini wa nyundo. Jiwe lililoshiba hujibu kwa mlio mfupi, mkavu. Penye uwazi huguna kama mtungi mtupu.

Katika karne ya 19 ukumbi wa mnara uligeuzwa maktaba, rafu zikaziba madirisha. Wanaakiolojia walipofungua nyuma yake walikuta choo cha zama za kati, na mabaki ya kiti chake cha mbao. Wakapata pia kichumba cha siri. Husimuliwa kwamba baada ya vita vya Culloden, 1746, Alexander Irvine, aliyepigana upande wa waasi ulioshindwa na jeshi la serikali, alifichwa humu na dada yake Mary. Mimi namfikiria zaidi Mary: kila siku apeleke chakula, arudi, akae na watu uso mkavu kana kwamba hakuna kitu.

Saa 7. Nimejibana kwenye upenyo, bega likikwaruza jiwe. Mwanga wa tochi unaangukia udongo wa chokaa baina ya mawe: madonge meupe, na chembe za mkaa wa tanuu. Moyo ukanipiga. Kuta za kwetu Unguja, ukizibandua, zina madoa yaleyale.

Saa 9 na nusu jua limekwishazama. Tunafunga vyombo.

Saa 11. Nampigia ami, aliyenifunza chokaa.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba mwanangu. Ukuta umesemaje leo?”

Nikamweleza ule mkaa. Akanyamaza kidogo.

“Wa mti gani?”

Sikuwa nimetazama. Kesho naenda na lenzi.